Kisasi dhidi ya barua taka, na watu waliolipia

Anayepata ujumbe wa kitapeli hapa Rusizi mara nyingi huipigia namba iliyoutuma na kummiminia matusi atakayepokea. Wengine huitupa namba hiyo kwenye makundi ya WhatsApp ili isumbuliwe usiku kucha. Hasira yao ina haki. Wilaya yetu imebebeshwa sifa mbaya ya Abameni, matapeli wa pesa za simu, ambao Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, imekuwa ikiwakamata. Lakini kisasi cha namna hii kilianza zamani kwenye barua pepe na mitandao ya kompyuta, na mwenendo wake unatuhusu.

Mwaka 1994 mawakili wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walitapakaza tangazo la bahati nasibu ya kadi za ukaazi wa Marekani katika maelfu ya majukwaa ya mtandao wa Usenet. Wasomaji walijibu kwa mafuriko ya barua za hasira, hata mitambo ya kampuni iliyowapa mawakili hao huduma ikazidiwa na kuzima mara kwa mara. Wateja wengine wa kampuni hiyo, wasiojua lolote, wakakosa huduma. Mawakili wenyewe hawakujuta. Waliandika kitabu cha kufundisha biashara ya mtandaoni.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Joe Doll, aliyekuwa akiendesha tovuti ya joes.com. Mteja wake mmoja alitangaza biashara kwa barua taka, yaani barua zinazotumwa kwa wengi bila kuombwa, naye Doll akamfungia akaunti. Mwaka 1997 mtu huyo akalipiza: alisambaza barua taka nyingi zilizoonekana kana kwamba zimetoka kwa Doll. Waliozipokea hawakuuliza. Walimshambulia Doll kwa matusi, na tovuti yake ikaangushwa. Mtu aliyewapigania dhidi ya barua taka ndiye waliyempiga, kwa sababu kwenye barua pepe ni rahisi kuandika anwani ya mwingine mahali pa mtumaji.

Mwaka 2004 kampuni ya Lycos Europe iligawa programu iliyozituma kompyuta za watu kuzielemea tovuti za wauzaji wanaojitangaza kwa barua taka. Baadhi zilianguka kabisa, lawama zikaja, na mpango ukafutwa baada ya siku chache. Kampuni ya Blue Security ya Israeli ilikwenda mbali zaidi. Kwa kila barua taka aliyopokea mwanachama, programu yake ilipeleka ombi la kuondolewa kwenye orodha. Mei 2006 mtuma barua taka mmoja alijibu kwa vitisho kwa wanachama na mashambulizi makubwa. Kampuni ilipowahamishia wageni wa tovuti yake kwenye blogu iliyohifadhiwa na Six Apart, mitambo ya Six Apart nayo ikalemewa, na blogu za watu wengi zikazimika. Mwezi huohuo Blue Security ikafunga mradi.

Sasa turudi hapa Rusizi, mjini Kamembe. Ujumbe unaingia ukifanana na ule wa Mobile Money, lakini umetoka kwa namba ya kawaida. Kisha simu inaita: "Nimekosea, pesa imekuja kwako, nirudishie." Tanzania wanaijua mbinu hii kwa sura nyingine, ile ya "ile pesa itume kwenye namba hii." Laini inayotumika huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa. Ukiisambaza kwa watu mia tano, aliyesajiliwa ndiye atakayetajwa mtaani kuwa mwizi, huku tapeli akiwa ameshaitupa na kuchukua nyingine. Mimi nalihesabu hilo kuwa dhuluma, hata kama aliyelitenda ameibiwa kweli.

Sheria pia haimpi aliyeibiwa ruhusa ya kujichukulia sheria mkononi, hata kwa kuuvamia mfumo wa tapeli. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya mtandaoni inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini, na hasira si idhini.

Ukiibiwa, pigia kwanza kampuni ya simu uombe muamala uzuiwe, kisha RIB kwa namba 166, bila malipo. Ujumbe usiufute, hifadhi namba, saa na kiasi. Fanya hivyo mara moja, kwa kuwa fedha hutolewa kwa wakala ndani ya dakika chache, na kutoka Kamembe tapeli hana safari ndefu kuvuka mpaka kwenda Bukavu.