Mwale wa Bern na Mwale wa Kinshasa

Hewa haitulii. Jua likipasha ardhi moto, hewa yenye joto hupanda, ya baridi hushuka, na kila pande la hewa hupinda mwanga kivyake. Ndiyo maana nyota humetameta, na ndiyo maana mwale wa leza uliobeba data hufika ukiyumba, wimbi lake limekunjamana. Mwaka 1704 Newton aliandika kuwa dawa pekee ni hewa tulivu, pengine ile ya vilele vya milima mirefu.

Wanafalaki waliomfuata hawakuridhika. Mwaka 1953 Horace Babcock alipendekeza jambo la ajabu: kioo kipakwe utando mwembamba wa mafuta, kisha elektroni ziukunje utando huo kinyume cha mikunjo iliyoletwa na hewa, ili mikunjo hiyo miwili ifutane. Vifaa vya zama zake havikutosha, lakini wazo lilizaa mapokeo kamili: pima kasoro, kisha itengenezee kinyume chake. Jeshi la Marekani liliendeleza kazi hiyo kwa siri hadi 1991, huku wanafalaki wa Ulaya wakiifanya hadharani.

Matunda yake yalionekana Uswisi. Katika jaribio lililotangazwa 2023, leza ilirushwa kutoka Jungfraujoch hadi Bern, kilomita 53, ikiwa na terabiti 1 kwa sekunde. Vioo vidogo 97 katika chipu moja vilinyoosha wimbi mara 1,500 kila sekunde. Uangalifu huo ulihitajika kwa sababu data imefichwa ndani ya wimbi lenyewe, na mwanga sharti uingie kwenye uzi wa kioo ambao kiini chake ni chembamba kuliko unywele.

Mapokeo ya pili ni ya wahandisi wa mawasiliano. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana, ila mkongo wa mawasiliano ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilomita 400 kuukwepa Mto Kongo. Mwaka 2021 mradi wa Taara, wa kampuni ya Alphabet, ulivusha mtoni takriban terabaiti 700 kwa siku 20, umbali wa kilomita 4.8 tu. Hapa kazi kubwa ya vioo ni kulenga: kuutafuta mwale wa upande wa pili, kuushika na kutouachia. Hewa ikichafuka, mtambo hubadili nguvu ya leza na kasi ya data.

Wapo watakaoiita njia hii ya Kongo nusu kazi. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwa kilomita tano, kulenga vizuri kunatosha, na gharama nafuu ndiyo inayofikisha intaneti kwa watu. Lakini kwa setilaiti, ambako mwale hupenya angahewa yote, mara nyingi ni vigumu kuukwepa urithi wa Babcock. Ukungu mzito, kwa upande wake, huzima njia zote mbili, kwani hakuna kioo kinachorudisha mwanga uliokwisha kutawanywa. Kwa hiyo anayepanga kununua mitambo hii apime kwanza umbali na ukungu wa mahali pake, ndipo aulize bei.