Santuri na Mkalimani: Suala la Lugha katika Sinema ya Kusafiri, 1935–1937

Historia ya sinema ya kusafiri katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya picha na ya serikali zilizozieneza. Lugha iliyosikika usiku ule uwanjani imepewa nafasi ndogo, ingawa bila hiyo picha ilibaki kivuli tu ukutani.

Jaribio la kutazamwa hapa ni lile lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, lililoanza mwaka 1935 na kukoma mwaka 1937. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Waliolisimamia walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham, ambaye kabla ya hapo aliongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Zilitengenezwa filamu 35, waigizaji wakiwa Waafrika, juu ya kodi, safura, akiba ya posta na mengineyo ya aina hiyo. Lori lilizichukua pamoja na mitambo yake hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Maneno na muziki vilitiwa katika santuri, nazo zikachezwa sambamba na picha, kila lugha na santuri yake. Njia hii ilikuwa na kasoro ya asili. Santuri haimngoji msikilizaji. Mtambaji wa ngano husema "Paukwa" akangoja "Pakawa". Malenga naye huutazama uso wa hadhira kabla ya kuuendea ubeti unaofuata. Santuri ilisema yake, wasikilizaji wacheke au wanong'one.

Tena palikuwa na swali la Kiswahili gani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umechagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Usanifu ulikuwa bado mchanga. Mtu na afikirie nyanda za Uasin Gishu, Moiben ikiwa miongoni mwake, ambako mashamba ya walowezi yaliwakusanya vibarua Wanandi, Wakeiyo na Waluhya. Kiswahili walichokisikia wengi wao kwa bwana shamba kilikuwa Kisetla, lugha ya amri, isiyojali ngeli wala upatanisho. Santuri ya Kiswahili fasaha ikichezwa mahali kama hapo, ingewakuta watu wanaoitambua sauti lakini si sentensi. Na kuandaa santuri kwa kila lugha ya shamba moja kungekuwa gharama isiyo na mwisho. Ni haki kusema kwamba Notcutt na Latham walilijua tatizo hili la wingi wa lugha, nao wakalijadili katika kitabu chao cha mwaka 1937, *The African and the Cinema*.

Jaribio halikuendelezwa. Serikali ya Uingereza ilipounda Colonial Film Unit mwaka 1939, chini ya William Sellers, filamu zake za mwanzo kwa Afrika zilikuwa bubu vilevile, lakini kando ya gari la sinema alisimama mkalimani mwenye kipaza sauti, akiieleza picha kwa lugha ya waliokuja kutazama, huku akisikia wanavyomjibu.