Wachezaji Wakubwa wa Brazili na Taifa Lao

Po pote duniani watu wanapozungumza habari za mpira wa miguu, hawakawii kuitaja Brazili. Kati ya mwaka 1958 na mwaka 2002 nchi ile ilitwaa Kombe la Dunia mara tano. Hata huku kwetu Kongo wazee hulitaja jina la Pelé kama jina la jirani.

Lakini tujiulize: wachezaji wale wakubwa walitoka wapi? Wengi wanadhani kwamba Brazili iliwapenda tangu mwanzo, ikawalea, ikawatuma ulimwenguni kuiletea sifa. Sivyo. Wengi wao walitoka kwa watu ambao mabwana wa mpira hawakutaka kuwaona uwanjani. Na hata walipokwisha kuingia na kushinda, taifa lao halikujua sikuzote namna ya kuwatunza. Basi tusimulie habari za wachache kati yao, halafu tutaona zinatufundisha nini.

Mchezo wa mabwana

Katika nchi zote za Amerika, Brazili ndiyo iliyokawia kuliko zote kuwaachilia watumwa. Watumwa hao walikuwa wamechukuliwa kwa merikebu, wengi wao kutoka Angola, Kongo ya chini na pwani za Afrika ya Magharibi. Sheria ya kuwapa uhuru ilitiwa sahihi tarehe 13 Mei 1888. Wakaachiliwa, lakini bila shamba, bila shule, bila kitu cha kuanzia maisha.

Miaka sita baadaye, yaani mwaka 1894, kijana mmoja wa São Paulo, Charles Miller, ambaye baba yake alikuwa Mskoti, alirudi kutoka masomoni Uingereza. Katika mizigo yake alileta mipira na kitabu cha sheria za mchezo. Mpira ukawa starehe ya vijana wa koo kubwa. Walikuwa na vyama vyao na viwanja vyao, na ada yao maskini hakuiweza. Watu weusi na wafanyakazi wa viwandani walitazama kutoka nje ya ua, kisha wakarudi mitaani kwao, wakacheza kwa mpira wa matambara.

Mmoja wa kwanza kupenya alikuwa Arthur Friedenreich, aliyezaliwa São Paulo mwaka 1892. Baba yake alikuwa wa asili ya Kijerumani, mama yake mwanamke mweusi. Jina la baba lilimfungulia mlango. Rangi ya mama ilimtia mashaka. Husimuliwa kwamba kabla ya mchezo alikaa kitambo kirefu akizilaza nywele zake, zisije zikaonyesha asili yake, hata mara nyingine akawa wa mwisho kuingia uwanjani. Mwaka 1919, mjini Rio de Janeiro, Brazili na Uruguay walipigania kombe la Amerika ya Kusini. Walicheza dakika 150, na bao moja tu likapatikana. Aliyelifunga ni Friedenreich, na kombe lile lilikuwa la kwanza la namna yake kwa Brazili. Tazameni basi: mtu aliyelazimika kuzificha nywele zake ndiye aliyeipa nchi yake furaha ile.

Barua ya Vasco

Mwaka 1923 chama cha Vasco da Gama, kilichokuwa cha Wareno wa Rio, kiliingia daraja la kwanza. Vasco haikuchagua watu kwa rangi wala kwa ukoo. Katika timu yake walikuwamo weusi, machotara na Wazungu maskini, watu wa kazi za mikono. Mwaka ule ule wakawashinda wakubwa wote, wakawa mabingwa wa mji.

Wakubwa wakakasirika. Mwaka 1924 wakaunda shirika jipya la mpira, wakaiambia Vasco: Mnaweza kuingia, lakini kwanza waondoeni wachezaji wenu 12, kwa kuwa kazi zao na hali yao hazifai. Tarehe 7 Aprili 1924 mkubwa wa Vasco, José Augusto Prestes, akajibu kwa barua fupi. Alisema kwamba vijana hao ndio kwanza wanaanza maisha yao ya mchezo, tena ndio walioleta ushindi. Chama hakitawavunjia heshima. Ni afadhali kibaki nje ya shirika. Mwaka uliofuata wakubwa wakaipokea Vasco, na wachezaji wake hawakutupwa. Mwaka 1927 chama kikafungua uwanja wake chenyewe, uwanja wa São Januário.

Barua ile ilikuwa ya maneno machache, lakini ilikuwa na nguvu kuliko mabao mengi. Mwaka 1933 mpira ukaanza kuwa kazi ya mshahara, na mlango ukazidi kufunguka. Miaka mitano baadaye ulimwengu ukaona matunda yake. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1938, huko Ufaransa, mtu mweusi wa Rio aitwaye Leônidas da Silva alifunga mabao 7, akawashinda wote. Walimwita Almasi Nyeusi. Alijulikana kwa kuruka na kupinduka hewani, miguu juu, kichwa chini, akaupiga mpira kinyumenyume. Nyuma yake alisimama Domingos da Guia, mlinzi mtulivu ambaye hakuutupa mpira mbali kwa hofu, bali aliutoa kwa adui kama mtu anayepokea kitu mkononi mwa mwenziwe. Brazili ikawa ya tatu, na watu wa nyumbani wakawapokea kama mashujaa.

Siku ya machozi

Lakini mapenzi ya watu wengi hupimwa siku ya kushindwa. Mwaka 1950 Kombe la Dunia lilichezwa Brazili yenyewe. Kwa ajili yake walijenga uwanja mkubwa kupita yote, Maracanã. Timu yao iliwafunga Waswidi mabao 7 kwa 1, na Wahispania mabao 6 kwa 1. Tarehe 16 Julai ilibaki Uruguay tu, na Brazili ilihitaji sare tu ili iwe bingwa. Magazeti yalikwisha kuwaita mabingwa kabla ya mchezo.

Brazili ikafunga kwanza. Uruguay wakasawazisha kwa mguu wa Schiaffino. Dakika ya 79 Ghiggia akakimbia upande wa kuume, akapiga mpira ukapita kati ya mlinda mlango na mwamba. Uruguay 2, Brazili 1. Uwanja wenye watu karibu 200,000 ukanyamaza kama nyumba ya msiba.

Mlinda mlango yule alikuwa Moacyr Barbosa, mtu mweusi, aliyehesabiwa kuwa mmoja wa walio hodari sana duniani katika kazi ile. Timu nzima ilishindwa, lakini watu wakatafuta wa kubeba lawama, wakawachagua hasa watatu: Barbosa, Bigode na Juvenal. Hata mavazi meupe ya timu yalionekana kuwa na mkosi, wakayaacha, wakachagua yale ya manjano tunayoyajua. Lakini mavazi hubadilishwa, jina la mtu halibadilishwi. Mwaka 1993 Barbosa, akiwa mzee, alikwenda kuwasalimu wachezaji wa timu ya taifa kambini, akazuiwa asiwakaribie. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba katika sheria ya Brazili kifungo kirefu kabisa ni cha miaka 30, lakini chake kimepita hapo. Alikufa mwaka 2000. Kosa lake lilikuwa nini? Bao moja.

Ndege mdogo na mfalme

Miaka minane baada ya siku ile ya machozi, Brazili ilikwenda Uswidi na timu yenye watu watatu wasiosahaulika.

Wa kwanza ni Didi, mtu mweusi kutoka Campos. Alipopiga mpira wa adhabu, ulipanda, kisha ukaanguka ghafula kama jani kavu. Ndivyo walivyouita mpigo wake. Katika mchezo wa mwisho, tarehe 29 Juni 1958, Waswidi walifunga mapema. Didi akautoa mpira wavuni, akaubeba kwapani, akatembea polepole mpaka katikati ya uwanja, akiwatuliza wenzake. Hakuna bao alilolifunga siku ile, lakini mwendo ule uliwarudishia moyo. Wakashinda mabao 5 kwa 2.

Wa pili ni Garrincha, mtoto wa Pau Grande, kijiji cha kiwanda cha nguo, ambako yeye mwenyewe alifanya kazi. Garrincha ni jina la ndege mdogo. Miguu yake yote miwili ilipindia upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe. Mtu aliyemtazama akitembea hakudhani kwamba anaweza kukimbia. Lakini mabeki walijua kila mara kwamba atapita upande wa kuume, na kila mara akawapita.

Wa tatu ni Edson Arantes do Nascimento, yaani Pelé, aliyezaliwa Três Corações mwaka 1940. Utotoni, mjini Bauru, aling'arisha viatu vya watu ili apate senti. Mwaka 1950 alimwona baba yake, naye mchezaji, akilia karibu na redio, akamwahidi kwamba atamletea kombe lile. Alitimiza ahadi akiwa na miaka 17: mabao matatu juu ya Wafaransa, na mawili juu ya Waswidi.

Tena tukumbuke jambo hili. Mtaalamu aliyepima akili za wachezaji kabla ya mashindano alisema kwamba Pelé na Garrincha hawafai: mmoja bado mtoto, mwingine hana fikira za kutosha. Mwalimu wao, Vicente Feola, hakumsikiliza. Kila mara wawili hao walipocheza pamoja katika timu ya taifa, Brazili haikushindwa hata mara moja. Mwaka 1962, huko Chile, Pelé aliumia mapema. Garrincha akaibeba timu mpaka kombe likapatikana tena.

Sasa tuone mwisho wao. Pelé alitwaa kombe la tatu mwaka 1970, akatunzwa na taifa lake, na alipokufa tarehe 29 Desemba 2022 watu walipanga mstari mchana na usiku kumwaga katika uwanja wa Santos. Garrincha, baada ya mpira, aliingia katika ulevi na umaskini. Alikufa tarehe 20 Januari 1983, umri wake miaka 49. Maiti yake ikalazwa Maracanã, na watu kwa maelfu wakaja kumlilia. Kwa nini machozi mengi yakaja siku ile, na mikono michache miaka iliyotangulia? Wahenga walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mlango mwingine

Tusidhani kwamba waliofungiwa mlango walikuwa watu weusi na maskini tu. Mwaka 1941 serikali ya Brazili iliwakataza wanawake kucheza mpira, ikisema kwamba mchezo huo haupatani na maumbile yao. Katazo likadumu mpaka mwaka 1979. Miaka saba baadaye, katika mji mdogo wa Dois Riachos, alizaliwa Marta, msichana maskini aliyejifunza mpira kwa kucheza na wavulana. Mwaka 2019 alifikisha mabao 17 katika Kombe la Dunia, na mpaka siku ile hakuna mtu ye yote, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa amefunga mengi hivyo katika mashindano hayo. Akina Marta wangapi walipotea katika miaka ile 38?

Nasi Wakongo

Habari hizi si za mbali. Mwezi wa Januari 1969 Pelé na chama chake cha Santos walikuja Kinshasa na Brazzaville, wakacheza na watu wetu. Na tarehe 22 Juni 1974, huko Gelsenkirchen katika Ujerumani ya Magharibi, Leopards wetu walisimama mbele ya Brazili katika Kombe la Dunia. Walifungwa mabao 3 kwa 0. Siku ile Wabrazili walikuwa wakijiandaa kupiga mpira wa adhabu, mara Ilunga Mwepu akatoka mbio katika ukuta wa wenzake, akaupiga mpira mbali. Ulimwengu ukacheka, ukasema: Waafrika hawajui sheria. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria aliijua sana. Alifanya kwa hasira, maana wachezaji hawakupewa fedha zao, na baada ya kufungwa mabao 9 na Yugoslavia walikuwa wametishwa na wakubwa. Watu walicheka miaka mingi. Waliomwuliza sababu walikuwa wachache.

Je, kati ya Mwepu na Barbosa kuna tofauti gani? Wote wawili waliitumikia nchi yao, na wote wawili wakakumbukwa kwa dakika moja.

Basi, wasomaji wapendwa, tukihesabu mabao ya Brazili, tuhesabu na milango iliyofungwa, tukamkumbuke yule mkubwa wa Vasco aliyekataa kuwatupa vijana 12. Katika kila mji wetu wako watoto wanaocheza pekupeku nje ya ua wa uwanja. Mmoja wao labda ana miguu iliyopinda. Tumfungulie. Na siku atakapofungwa bao, tusimame karibu naye kama tulivyosimama siku aliposhinda.