Shilingi juu ya sindano: historia fupi ya kukandamiza santuri

Nimepotea kidogo, programu za watu zilinibana. Juzi nilikuwa nyumbani Rongai (ile ya Nakuru, si ile ya Kajiado) nikijaribu kuingiza singo za benga za baba kwenye kompyuta. Nyingi zimepinda, sindano ikawa inaruka. Mzee akaniletea dawa yake ya miaka yote: sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano. Nikakataa, na sababu iko kwenye historia.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, santuri zilikuwa za sheleki: nzito, ngumu, zikizunguka mara 78 kwa dakika. Sindano ya chuma ilikandamizwa kwa zaidi ya gramu 100, kwa hiyo haikuruka ovyo. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ikatoa LP ya vinili, na 1949 RCA Victor ikatoa singo ya 45. Vinili haivunjiki ovyo, lakini iache kwenye jua la Bonde la Ufa uone! Sindano mpya nazo zilitaka gramu chache tu. Mwaka 1969 RCA ikaja na Dynaflex, santuri nyembamba zaidi. Tatizo likakua.

Hesabu ni rahisi. Kwa mwendo wa 45, nundu moja hupita chini ya sindano kila sekunde 1.33. Mkono unapanda na kushuka, sauti inayumba, na nundu ikiwa kubwa sindano inaruka.

Karibu na mwaka 1980 mafundi walianza kuikamata santuri yenyewe. Oracle ya Kanada iliweka kibano cha kufunga kwa skrubu, na Luxman ya Japani ikatumia pampu ya kufyonza hewa chini ya santuri. Linn ya Scotland, kwa upande mwingine, imeuza LP12 yake tangu 1972 bila kibano chochote. Ubishi haujaisha.

Sasa shilingi. Sindano yetu inataka gramu 3. Shilingi ya Kenya inazidi gramu 5. Mzigo karibu mara tatu, na mfereji ukishalika haurudi. Singo nyingine za benga hazijawahi kutolewa tena!

Mimi nilichukua nati nzito ya trekta, nikaibandika kitambaa chini, nikaiweka juu ya lebo. Santuri zilizovimba katikati zilitulia. Zilizoinuka ukingoni hazikusikia kitu. Hizo zinataka kibano au pete ya pembeni. Usizidishe uzito pia, beringi na mota ndizo zitakazoumia.

Upande aliopenda mzee zaidi umejaa mikwaruzo, kazi ya shilingi. Nimeurekodi hivyohivyo.

Je, kwenu mliweka nini juu ya sindano?