Meno ya mbele, meno ya nyuma: historia ya baiskeli ya gia moja

Leo naweka pembeni lesoni plani na BTP, tuongelee baiskeli. Sio zile za gia 21, naongelea zile za gia moja ambazo kila nyumba huku Kibaha ilikuwa nayo. Swali langu ni dogo tu: ile gia moja nani aliichagua?

Zamani gia ilikuwa ni urefu wa mguu wako. Baiskeli za Uingereza za miaka ya 1870 zilikuwa na gurudumu la mbele kubwa ajabu, pedeli zimefungwa palepale katikati. Ukitaka mwendo unanunua gurudumu kubwa zaidi, mpaka miguu igome kufika! Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, cheni inazungusha gurudumu la nyuma, na hesabu ikahamia kwenye meno. Tour de France ilikataza gia za kubadilisha hadi 1937. Kabla ya hapo mtu akifika mlimani anashuka, anageuza gurudumu la nyuma upande wenye meno mengi, ndio anapanda.

Huku kwetu zikaja Raleigh za Nottingham, baadaye Phoenix za Shanghai na Hero za India. Chukua yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, tairi inchi 28: pedeli ikizunguka mara moja unasogea kama mita 5.4. Kwa karani anayekwenda kazini njia tambarare, safi kabisa. Sasa mpe mtu wa Kisarawe magunia ya mkaa apite vilima vya Pugu kwenda Dar... jamani! Anashuka anasukuma. Kiwandani hawakumfikiria huyu.

Dawa yake ni kufunga ya nyuma yenye meno 22. Unapata mita 4.4, mwendo unapungua ila magoti yanapona. Kubadili nyuma ni rahisi kuliko mbele, kwa sababu ya nyuma inafunguliwa peke yake, ya mbele imeshikana na mkono wa pedeli. Cheni nayo uiongeze urefu, isipotosha gurudumu haliingii mahali pake.

Ila mimi naona gia sio ishu kubwa kama breki. Zile breki za vyuma, rimu ya chuma ikilowa mvua, hazishiki kabisa, na nyuma una mzigo unaokusukuma mteremkoni. Watu wanauliza meno mangapi, raba za breki hakuna anayeziuliza.

Kwa yule jamaa wa hosteli anayetaka kutoa gia zote kwenye mauntenibaiki yake ya inchi 26: wengi huanza na 32 mbele na 16 nyuma, yaani mita 4.1 hivi. Kwa michanga ya huku kwetu afunge 18 nyuma, ile 16 aiweke kwa ajili ya lami. Na anunue raba mpya kwanza.