Mwanza ya Wageni: Kutoka Jiwe la Bismarck hadi Igoma

Jiji la Mwanza limekaa juu ya mawe. Nyumba za Bugando, Isamilo na Mabatini zimepanda vilima zikijibanza katikati ya majabali, na baadhi zimefanya jabali kuwa ukuta wa nyuma. Miamba hiyo ni ya graniti, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Ilipokuwa bado imefunikwa na udongo ilipata nyufa, maji yakapenya katika nyufa hizo na kulainisha kingo zake. Mvua ikasomba udongo, na yakabaki mawe ya mviringo yaliyopandiana, mengine yakionekana kama yataporomoka wakati wowote. Linalojulikana zaidi limesimama ndani ya maji karibu na kivuko cha Kamanga. Wajerumani walilipa jina la kansela wao, Otto von Bismarck, na jina hilo limebaki hadi leo ingawa utawala wao ulikoma zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mume na mke wanaofika jijini kwa mapumziko huanzia hapo, jioni, jua likizama upande wa Sengerema.

Umaarufu wa Mwanza kwa wasafiri wa mbali ulianza tarehe 3 Agosti 1858. Siku hiyo Mwingereza John Hanning Speke, aliyemwacha mwenzake Richard Burton akiwa mgonjwa Kazeh, yaani Tabora ya sasa, aliliona ziwa kutoka kwenye kilima. Kibao cha mnara wa saa katikati ya jiji kinakitaja kilima hicho kuwa Isamilo. Speke alilipa ziwa jina la malkia wake, Victoria. Kibao hakisemi kwamba alifikishwa hapo na watu walioijua njia. Wafanyabiashara wa pwani walikwisha kusimulia habari za ziwa hilo huko Kazeh, na katika msafara alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto kisha akarudi Afrika akiwa huru. Wasukuma, Wakerewe na Wazinza walikuwa wakivua na kuvusha bidhaa katika maji hayo tangu zamani.

Miaka 17 baadaye, tarehe 27 Februari 1875, Henry Morton Stanley alifika Kageye, kijiji cha ufukweni mashariki ya Mwanza, katika Wilaya ya Magu ya sasa. Alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipandevipande na wapagazi kutoka pwani. Ikaungwa hapo, naye akalizunguka ziwa zima. Kageye ilikuwa kituo cha biashara ya pembe na watumwa. Frederick Barker, kijana wa msafara huo, alifariki na kuzikwa hapohapo.

Mji wenyewe ni kazi ya Wajerumani, walioweka kituo chao mwaka 1892 wakilenga pamba. Waingereza waliuteka Julai 1916. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na tangu hapo pamba ya Usukuma ikawa na njia ya kwenda bandari ya Dar es Salaam. Faida, hata hivyo, iliishia kwa wanunuzi waliomiliki mizani, hadi wakulima walipounda vyama vyao wenyewe vya ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani. Shirikisho la vyama hivyo, lililoundwa mwaka 1955, lilikuwa miongoni mwa vyama vya ushirika vikubwa kabisa barani Afrika. Hii ndiyo sura ya historia ya Mwanza inayostahili heshima kuliko zote, na wageni ni nadra kuoneshwa chochote kinachoihusu.

Wanachooneshwa ni kisiwa cha Saanane, na kinastahili. Kina jina la Saanane Chawandi, aliyeishi na kulima kisiwani kabla serikali haijakitwaa. Mwaka 1964 ikafunguliwa hapo bustani ya wanyama ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania. Boti hutoka upande wa Capri Point na safari ni ya dakika chache. Pimbi huota jua juu ya mawe, swala pala hupita kwa utulivu, na anayepanda hadi kileleni huliona jiji lote mbele yake.

Upande wa barabara ya Musoma kuna Bujora, karibu na Kisesa. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyeasisi makumbusho ya Wasukuma hapo. Jengo la ngoma za kifalme limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake ngoma za himaya mbalimbali zimepangwa safu. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana kucheza, kila upande ukijitahidi kuvuta umati wa watazamaji.

Kabla ya kufika Kisesa, daladala hupita Igoma. Kata hii ya Wilaya ya Nyamagana ina makaburi ya waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba. Meli hiyo iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapakia abiria wengine Kemondo, na asubuhi ya tarehe 21 ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya 800. Kwa muda ilielea kichwa chini miguu juu, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, na meli ikazama pamoja nao. Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya kitaifa ya siku tatu, na miili mingi ikazikwa Igoma. Kila tarehe 21 Mei ndugu na viongozi hukusanyika hapo kwa sala.

Somo la Igoma halikushikwa vya kutosha: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Wenye kuandaa ziara za Mwanza wayaweke makaburi ya Igoma katika safari ya Bujora, kwa kuwa njia ni ileile, na mgeni aliyefurahia ziwa apewe nafasi ya kuwaombea waliozama ndani yake.