Tarikhi ya Ombi la Hila

Tangu mwaka 1994, Lou Montulli wa Netscape alipobuni vidakuzi, alama ambazo kivinjari huzihifadhi na kuirudishia tovuti kila kiiombapo jambo, iliwezekana msimamizi aliyekwisha kuingia katika tovuti yake avutwe kufungua ukurasa wa mwenye hila, nao, pasipo idhini wala kuibiwa nywila, upeleke amri kwa jina lake. Mwaka 2001 Peter Watkins aliipa hila hiyo jina. WordPress, programu ya kuundia tovuti iliyokaribisha programu-jalizi, yaani nyongeza za watungaji wengine, mwaka 2004, ilileta mwaka 2006 tokeni za kuthibitisha maombi. Lakini kuzikagua kuliachiwa kila mtungaji wa jalizi, na wengi, ama kwa kughafilika ama kwa uvivu, hawakuzikagua. Dhima, kwa rai yangu, ni yao, wala si ya msimamizi.